Mtani wa Njiani: Siri za Mwili kwenye Barabara ya Misafara

Abiria wa reli ya kati anayetoka Dar es Salaam hupita Igalula akiwa amekaribia kuingia Tabora. Ni stesheni ndogo ndani ya Wilaya ya Uyui, katika nchi ya miombo, mahindi, tumbaku na asali. Leo watu wanaobuni programu za simu kuhusu uzazi wa mpango, mimba na magonjwa ya ngono huiweka sehemu kama hii kwenye fungu la maeneo yasiyofikika, na wakazi wake kwenye fungu la watu wa pembezoni. Karne moja na nusu iliyopita pembezoni palikuwa kwingine. Tura, Rubuga na Kigwa vilikuwa vituo vya njia kuu iliyounganisha Bagamoyo na Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, na kutoka hapo Ujiji na Kongo. Njia hiyo iliwakusanya maelfu ya vijana, wanawake na wageni, ikawaweka mbali na kwao kwa miezi mingi, kwa hiyo ililazimika kuwa na utaratibu wake wa kuzungumzia mwili, tamaa, mimba na ugonjwa. Ninavyoona mimi, utaratibu huo ulisimama juu ya mtu wa kati: aliye karibu kiasi cha kuaminika, lakini asiye mzazi wala mkubwa wa kuogopwa. Juhudi za afya ya uzazi zilizofaulu zaidi Kanda ya Magharibi na Kanda ya Ziwa tangu UKIMWI uingie nchini zilimpata mtu huyo kwa namna fulani, na baadhi ya zilizokwama zilimsahau. Programu ya simu itakayowafaa watu wa Igalula lazima imtafute kwanza, kabla fundi wa kompyuta hajaketi kuandika chochote.

Ukubwa wa barabara yenyewe ndio unaoeleza mengi. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, makazi ya wafanyabiashara palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kasi zaidi, lakini hata kwao safari ya kwenda na kurudi ilikula sehemu kubwa ya mwaka. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi za pembe au vitambaa, yaani kama kilo 32, na juu yake akaongeza mkeka, chungu na posho yake. Makisio ya wanahistoria ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wapagazi waliopita njia ya kati kwa mwaka walikaribia 100,000. Wengi wao walikuwa vijana wa Kinyamwezi ambao kwao kuiona bahari kulikuwa sehemu ya kuwa mwanamume kamili. Stephen Rockel, aliyechapisha mwaka 2006 kitabu kizima juu ya kazi na utamaduni wa wapagazi hao, ameonyesha pia jambo ambalo michoro ya wapelelezi wa Ulaya huficha: wanawake walikuwa njiani. Walikwenda kama wake na wapenzi, kama wapishi na wapagazi, wengine wakifanya biashara yao ndogo, wengine wakikimbia utumwa au ndoa mbaya. Walipolala watu mia kadhaa porini, wa makabila na lugha tofauti, mapenzi yalianza, mimba zilitungwa, na maradhi yaliambukizwa. Ndui ilisafiri na misafara hadi ikaua vijiji. Kisonono na kaswende navyo havikubaki pwani.

Watu hao waliulizana wapi? Burton, ambaye dharau yake kwa Waafrika imejaa kitabuni mwake na lazima asomwe kwa tahadhari hiyo, aliacha hata hivyo maelezo ya vijiji vya Unyamwezi yenye thamani. Aliandika juu ya iwanza, jengo la kukaa na kuzungumza, moja la wanaume na jingine la wanawake, na hilo la wanawake mgeni hakukaribishwa. Aliandika pia kwamba wasichana waliovunja ungo walijijengea nyumba yao mbali na wazazi, wakaishi humo kundi zima, na marafiki zao wangeweza kufika bila wazazi kuingilia. Msomaji wa leo anaweza kudhani huo ulikuwa uholela, lakini masharti yaliyofuata yanaonyesha vingine. Mimba ikitokea, baba wa msichana alimtaka kijana aoe au alipe. Na msichana akifa kwa uzazi, kijana alidaiwa fidia kubwa kwa ajili ya uhai uliopotea. Hapa pana mambo mawili ambayo ningependa yaangaliwe kwa makini. Kwanza, wazazi waliwekwa nje kwa makusudi, kwa kuwa jamii ilijua kwamba mtoto hamwambii baba yake kila kitu. Pili, hatari ya uzazi iliwekwa juu ya mabega ya mwanamume pia, hadharani na kwa gharama inayouma. Kampeni nyingi za afya ya uzazi za karne ya 20 zilimwachia mwanamke peke yake mzigo huo.

Nyumba za wasichana na iwanza zilibaki kijijini. Kilichosafiri na msafara kilikuwa utani. Kila Mtanzania anaujua utani wa makabila kama mizaha ya harusini na msibani, lakini katika karne ya 19 ulikuwa ni mkataba wa njia. Mtafiti R. E. Moreau alipoandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na mwenzake wa baadaye Stephen Lucas alipokusanya maelezo yake kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ramani iliyojitokeza ilifuatana kwa kiasi kikubwa na njia za zamani za vita na biashara. Mnyamwezi alikuwa na watani karibu kila nchi aliyopita hadi pwani, Wagogo, Waluguru, Wazigua na Wazaramo wakiwamo. Mtani alimpa mgeni pa kulala na chakula. Akiugua, alimuuguza, akifa, alimzika. Mtani ndiye aliyeshika kazi za maiti ambazo ndugu hawakuweza kuzigusa, ndiye aliyesuluhisha ugomvi ambao jamaa wangeuchochea, na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kutamka matusi ya nguoni mbele ya watu bila kudaiwa faini. Ruhusa hiyo ya mwisho wataalamu wengi wameichukua kama burudani. Naichukua kwa uzito zaidi. Mtu anayeweza kukutania juu ya sehemu zako za siri bila wewe kuona haya ndiye unayeweza kumwambia kwamba sehemu hizo zinauma.

Ndani ya familia utaratibu ulikuwa uleule. Babu na mjukuu ni watani, bibi humwita mjukuu wake mume, na katika nyumba nyingi za Unyamwezi na Usukuma maswali ambayo baba na mama hawayasikii huishia kwa bibi. Huko pwani na kusini kazi hiyo ilishikwa na somo na kungwi, nao vilevile hawakuwa mama wazazi. Wanyamwezi hawakuwa na desturi ya jando, na unyago wa pwani haukuwa wao, lakini kanuni ya msingi haikutofautiana: jambo la mwili lina mtu wake wa kulisema, na mtu huyo si yule mwenye amri juu yako. Kwenye njia kuu utaratibu huo ulikuwa na faida nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Mtani wa njiani aliachwa nyuma msafara ulipoondoka. Alichoambiwa kilibaki kwake, kwa kuwa hakuwa na wa kumpelekea. Hakuijua nyumba ya mgonjwa wala wakwe zake.

Msomaji makini atasema kwamba nimeipaka rangi njia iliyojaa damu, na anayo haki ya kusema hivyo. Misafara hiyohiyo ilibeba watumwa. Tabora ilikuwa soko, na nyumba za matajiri wake, Waarabu na watemi pia, zilijaa wanawake walionunuliwa au kutekwa, ambao miili yao haikuwa mali yao na ambao hakuna mtani aliyeweza kuwakinga na bwana wao. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Utani ulikuwa wa watu wenye kabila linalotambulika, na mtumwa aliyeng'olewa kwao angali mtoto alikuwa amenyang'anywa hata hilo. Mwanahistoria Sheryl McCurdy amefuatilia wanawake wa Kimanyema, wengi wao wakiwa uzao wa watu walioletwa kutoka mashariki ya Kongo, waliokaa Ujiji na Kigoma, mwisho wa njia hii. Kwao ugumba ulikuwa msiba mkubwa wa vizazi kadhaa, na waliunda vyama vyao vya tiba na ngoma za mizimu, ambamo mwanamke asiyezaa aliweza kusema shida yake mbele ya wenzake walioipitia. Ushahidi huu nauona unaipa hoja yangu nguvu, lakini pia unaiwekea mpaka. Watu waliotupwa nje ya utani walilazimika kujitengenezea utani wao. Yeyote anayetaka kuwahudumia watu wa pembezoni leo asidhani kwamba mtu wa kati wa jamii kubwa anatosha kwa wote. Bibi anayeaminika na mjukuu wake huenda ndiye anayeogopwa na mkwewe mgumba.

Wajerumani walimshinda mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi ukafa ndani ya kizazi kimoja. Habari za mwili zikahamia kwa watu wapya: padri, mwalimu, daktari. Kila mmoja wao alikuwa na daftari, na kila daftari lilikuwa na safu ya majina. Kliniki iliokoa maisha ya mama na watoto wengi na sina haja ya kulibishia hilo. Lakini kwa mara ya kwanza mtu mwenye kisonono alitakiwa kutaja jina lake na kijiji chake kwa mtu aliyevaa mamlaka ya serikali, huku wengine wakisubiri kwenye benchi. Baada ya uhuru zahanati zilisambaa hadi vijijini, jambo kubwa na la kujivunia, lakini benchi lilibaki palepale, na sasa aliyeketi kando yako alikuwa shangazi yako.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukashuka kwa barabara na reli kama ndui ya zamani. Jibu moja lililofanikiwa lilitoka redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ambao mmoja wa wahusika wake wakuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Watafiti walipata nafasi adimu ya kupima matokeo, kwa sababu hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo, kwa hiyo wasikilizaji wa mikoa mingine waliweza kulinganishwa na wa Dodoma. Waliousikiliza walielezea mabadiliko makubwa zaidi, wakiwa na wapenzi wachache zaidi na kutumia kondomu zaidi. Mkwaju alikuwa mrithi halali wa mpagazi, mtu wa njia kuu anayelala mbali na kwake. Zaidi ya hapo, alikuwa mtani wa taifa zima. Watu waliweza kumcheka, kumtukana na kumjadili barazani, na ndani ya mjadala huo kila mmoja akasema yake bila kulazimika kusema ni yake.

Mfano wa pili unatoka Mwanza. Kuanzia mwaka 1991 watafiti waliimarisha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya kawaida vya jumuiya 6 za vijijini, wakazilinganisha na jumuiya nyingine 6. Mganga wa kituo alifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo, na mgonjwa akaondoka na tiba yake siku ileile bila kungoja maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yakiwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Miaka minne baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, ambako timu zilipita nyumba hadi nyumba kila baada ya miezi kumi zikiwapa watu wote dawa, haukuona upungufu wowote wa VVU. Wataalamu wengi wanaeleza tofauti hiyo kwa hatua ya janga lenyewe, kwamba Rakai maambukizi yalikuwa yamekwisha kuenea mno, na maelezo hayo nayakubali. Hata hivyo tofauti ya mpangilio haipaswi kupuuzwa. Mwanza mgonjwa alikwenda mwenyewe, siku aliyochagua, kwa mtu aliyekuwepo siku zote. Rakai tiba ilimjia mtu asiyeiita, ikaondoka, na aliyeambukizwa wiki iliyofuata alingoja miezi.

Mwanza hiyohiyo ilitoa somo chungu zaidi. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uliingiza masomo ya afya ya uzazi katika shule za msingi, ukawafunza wahudumu wa vituo kuwapokea vijana kwa ukarimu, na ukatumia vijana wenzao kuuza kondomu. Ulipimwa kwa uangalifu katika jumuiya 20. Maarifa ya vijana yalipanda na mitazamo ilibadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Sababu ni nyingi, zikiwamo umaskini, tofauti kubwa za umri kati ya wapenzi, na mila zinazompa mwanamume sauti ya mwisho. Kwangu mimi sababu moja zaidi inatosha kutajwa. Sehemu kubwa ya kazi iliwekwa mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu wa shule ya msingi Tanzania anashika fimbo. Mtoto atakariri somo lake na kulifaulu. Hatamwendea baada ya kengele kumwambia kilichotokea Jumamosi.

Simu iliingia katika historia hii kama mtu mgeni mwenye ahadi ya zamani, ile ya kuulizwa bila kumtazama muulizaji usoni. Karibu na mwaka 2010 shirika la FHI lilianzisha Kenya na Tanzania huduma ya ujumbe mfupi iliyoitwa m4RH. Mtu alituma neno moja, akapokea orodha ya namba, kila namba ikiwa na maelezo ya njia moja ya uzazi wa mpango, kuanzia kijiti na kitanzi hadi vidonge na kondomu, na nyingine ya kutafuta kliniki iliyo karibu. Mkoani Tabora huduma iliyogusa historia ya mahali zaidi ilikuwa ya tohara. Serikali na washirika wake waliichagua Tabora, pamoja na Iringa na Njombe, kuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ya tohara kinga dhidi ya VVU, kwa kuwa wanaume wengi wa huko hawakuwa wametahiriwa. Mwanamume aliweza kutuma neno TOHARA akapata maelezo, WAPI akajua kituo kinachotoa huduma, na BAADA akapokea maelekezo ya kutunza kidonda. Kwa mtu wa jamii isiyo na jando, ambaye hakuwa na ngariba wala somo wa kumuuliza, na ambaye umri wake ulimfanya aone haya kuuliza mbele ya vijana, maneno hayo matatu yalikuwa ndiyo mtu wa kati. Yalifaa kwa kuwa yalikwenda kwenye simu yoyote na yaliishia mlangoni pa kituo ambacho kweli kilikuwa kinatoa huduma.

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu utapitwa na wakati karibuni: simu janja zinashuka bei, mtandao unafika vijijini, na kila kijana atakuwa na programu yake mfukoni. Sikubaliani, na sababu ziko wazi kwa yeyote anayejua simu inavyoishi katika nyumba ya kijijini. Ni kitochi, mara nyingi kimoja kwa nyumba nzima. Nyumba isiyo na umeme hukipeleka kwenye kibanda cha chaji, kikashinda huko juani kikiwa mkononi mwa kijana wa kibanda. Jioni mume ndiye anayekishika. Ujumbe ukiingia, kioo kinawaka na maneno ya kwanza yanasomeka kwa yeyote aliye karibu, na mama asiyejua kusoma humpa mwanawe wa darasa la tano amsomee. Fikiria ujumbe huo ukiwa unamkumbusha tarehe ya sindano ya uzazi wa mpango ambayo hakumwambia mumewe. Tangu mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa huzimwa, na asiye na kitambulisho hujikuta akitumia laini yenye jina la mtu mwingine. Kwa hiyo simu ambayo mbuni wa mjini anaiona kuwa faragha ni daftari la kliniki lililorudi kwa umbo jipya, lenye jina, mahali na saa ya kila swali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni hatua njema, lakini sheria hulinda taarifa zilizokusanywa. Mtani wa njiani hakukusanya chochote, na programu nzuri ya afya ya uzazi inapaswa kukusanya kidogo kiasi hicho: isidai jina, isiweke kumbukumbu ya maswali, na ujumbe wake uwe wa aina ambayo ikisomwa na mume au mtoto haimfichui mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili. Wazazi wengi, viongozi wa dini, na mara nyingine serikali, wanaona kwamba kuzungumza waziwazi juu ya ngono ni kuwafundisha vijana uhuni, na kwamba teknolojia hii ni mila ya kigeni. Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni yalisimamishwa nchini, na mwaka mmoja kabla yake vituo vya kuwahudumia watu walio katika hatari kubwa zaidi ya VVU vilifungwa kwa amri. Nawaheshimu wenye hofu hiyo, kwa kuwa hofu ya mzazi juu ya mwanawe si jambo la kudharau. Lakini historia ya barabara hii haiungi mkono wazo kwamba ukimya ndio mila. Wazee wa Unyamwezi waliwaachia wasichana nyumba yao, waliwapa wasafiri watani wao, na wakaweka faini kwa anayesababisha kifo cha uzazi. Walichokataza kilikuwa kusema mahali pasipofaa, na kwa mtu asiyestahili. Kwa maana hiyo tangazo la kondomu linalopigwa redioni saa ya chakula, baba na binti wakiwa mkekani pamoja, linavunja mila, na anayelilalamikia ana hoja. Jibu linalofaa ni kumtengenezea binti huyo mahali pake pa kuulizia. Ukimya ulikwisha kupewa nafasi na matokeo yake yanaonekana: kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu arejee, na hakuna ushahidi kwamba kufukuzwa huko kulipunguza mimba.

Hata ukiikubali hoja hiyo yote, bado kuna watu ambao hakuna mtani aliyewahi kuwafikia. Tabora ina heshima moja ambayo haitajwi vya kutosha: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa hapa mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Wahitimu wake wako kila mkoa, wengine ni babu na bibi sasa. Kiziwi hakuusikia mchezo wa Mkwaju. Kiziwi aliyesoma anaweza kusoma ujumbe wa simu, lakini Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili baada ya lugha ya alama, na kiziwi wa kijijini ambaye hakupelekwa shule hana hata hicho. Kliniki humlazimu aje na ndugu wa kumtafsiria, na hapo siri imekwisha kufa kabla ya kuanza. Asiyeona anahitaji sauti, kiziwi anahitaji picha ya mtu anayezungumza kwa mikono, bibi wa Kinyamwezi au mama wa Kitaturu anayechunga mbali na barabara anahitaji lugha yake mwenyewe. Wenye asili ya Burundi waliofika Ulyankulu mkoani Tabora tangu mwaka 1972, wengi wao wakapewa uraia miongo minne baadaye, wana lugha yao na hofu yao ya kuandikwa majina. Mbuni atasema hawezi kuwatimizia wote, fedha hazitoshi, aanze na walio wengi kisha wachache waje baadaye. Sababu hiyo inasikika kama busara ya kazi, lakini programu iliyokwisha kujengwa juu ya maandishi haigeuki kuwa ya sauti kwa kuongezewa kitufe. Hubaki ya maandishi, na wachache hubaki wakingoja awamu ya pili ambayo mfadhili hakuiahidi.

Kinachohitajika si kikubwa kama kinavyodhaniwa. Huduma ya menyu inayofanya kazi kwenye kitochi bila bando, na bila kutoza salio. Namba ya kupiga bure yenye sauti ya Kiswahili, Kinyamwezi na Kisukuma. Video fupi za lugha ya alama zilizotengenezwa na viziwi wenyewe, zikikaa kwenye simu ya mhudumu ili kiziwi azitazame bila kumiliki simu janja. Orodha ya vituo inayosema ukweli wa wiki hii, ikieleza dawa gani ipo na siku gani muuguzi yupo, kwa sababu kumpeleka mtu aliyejikaza hadi kwenye dirisha lililofungwa ni kumfundisha asirudi tena. Na katikati ya vyote hivyo mtu, ambaye mwenye swali anaweza kumchagua: wa jinsia yake au nyingine, wa kijiji chake au wa mbali. Wengi watachagua wa mbali. Kwa wasafiri wa karne ya 19 aliyefaa alikuwa mgeni anayewaheshimu.

Haraka inaongezwa na ukweli kwamba barabara inafunguliwa upya. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa mwishoni mwa mwaka 2021, na pamoja na ujenzi zimekuja kambi za vibarua, mama lishe, madereva na wasichana wanaotafuta riziki kando ya kambi, katika nchi ileile ya Tura na Igalula. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafundisha na kuwalipa wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Wenye fedha za programu za simu, na wizara inayozipa kibali, wakae na wahudumu hao wa Uyui kabla ya kuchora kioo cha kwanza cha programu yao, pamoja na viziwi wa Tabora, mama lishe wa kambini na bibi wanaoulizwa na wajukuu. Wawalipe kwa ushauri huo kama wanavyomlipa fundi wa kompyuta, na wayafanyie kazi watakayoambiwa.